Namba D

Arusha ukisema umeona gari zuri linauzwa, mtu hakuulizi kwanza ni la mwaka gani. Anauliza: "Namba gani?" Anachotaka ni herufi moja tu. Kibao chetu kina T, tarakimu tatu, halafu herufi tatu, na ya kwanza kati ya hizo tatu ndiyo inayobeba heshima yote. Namba A ni mzee wa kuamkiwa. Namba B ni gari la fundi, au la mtu mwenye sababu zake. Namba C huuzwa kwa maelezo mengi. Namba D hujiuza yenyewe. Namba E ina bei ambayo sisi wengine huisoma, tukashusha pumzi, tukaendelea kutelezesha kidole kwenye simu.

Herufi hiyo haisemi chochote kuhusu kiwanda. Inasogea kadiri magari yanavyosajiliwa nchini, kwa hiyo inachoeleza ni lini gari liliingia kwenye kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato, si lini liliundwa. Toyota Vitz ya 2001 iliyosajiliwa 2016 ni namba D. Vitz ya 2006 iliyosajiliwa 2010 ni namba B. Mtaani ya kwanza ndiyo mpya, na bei hufuata mtaa.

Nimeishi na jambo hili kwa miezi kadhaa. Mama alistaafu ualimu wa shule ya msingi, na katika kiinua mgongo chake akatenga milioni nane za gari. Si gari la kuringia. Nyumbani kwetu ni juu ya Tengeru, kwenye mteremko wa Mlima Meru, mahali ambapo lami inakuacha na kukukabidhi kwa changarawe, na changarawe nayo ikichoka inakukabidhi kwa udongo. Bibi, mama yake baba, ana miaka themanini na kitu, na nyonga iliyofanyiwa upasuaji. Kliniki yake ni KCMC, Moshi. Kumteremsha kwa bodaboda hadi barabara kuu haiwezekani tena, na kila safari ya teksi ya kukodi inakula fedha ambayo Mama anaihesabu kwa madaftari na ada ya mdogo wangu. Hizo milioni nane hazina mwenzake. Pensheni ya kila mwezi ni ya kula. Gari likifa baada ya miezi mitatu, hakuna gari jingine.

Kazi ya kutafuta nikapewa mimi kwa hoja kwamba ndiye ninayesoma. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, lakini nyumbani kusoma ni kusoma. Nikapangiwa na mshauri: baba mdogo, fundi ambaye gereji yake iko chini ya mgrivea huko Kijenge.

Milioni nane hazikupi uwanja mpana. Zinakupa kile ambacho watu wa mitandaoni wanakiita bebi woka: gari fupi, lisilo na buti linalochomoza, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, kiti cha nyuma kinalazwa ukitaka kubeba gunia la mahindi. Vitz, Passo, IST, Nissan March, Mazda Demio, Honda Fit. Yote ya Kijapani, yote usukani kulia, na mengi yana umri wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Ukisimama Sakina ukayatazama yamepangwa kwa mistari, unaweza kudhani hivi ndivyo magari ya familia yalivyo dunia nzima. Watu wa fani yangu tuna ugonjwa wa kuuliza kitu kimefikaje mahali kilipo.

Baba alipokuwa na umri nilio nao, mwanzoni mwa miaka ya 1980, swali halikuwa namba gani. Lilikuwa nani amekuruhusu. Uingizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation, na fedha za kigeni zilikuwa haba kiasi kwamba gari lilipatikana kwa kibali na kwa kusubiri. Mwenye cheo alisubiri kidogo. Mkulima wa kahawa wa Meru, hata akiwa na fedha zake kwenye kopo, hakuwa na dirisha la kuzipeleka. Babu aliishia kwenye baiskeli ya Swala, ambayo fremu yake bado imeegemezwa nyuma ya banda la ng'ombe, na Bibi haruhusu iuzwe kama chuma chakavu.

Siasa iliyozaa hali hiyo ilizaliwa jirani. Azimio la Arusha lilipitishwa hapa mjini kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa Februari 5. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Gari halikutajwa. Lakini wananchi walikuwa na usomaji wao: wakubwa wapya wakaitwa Wabenzi, kwa jina la gari, si la nyumba wala la mshahara. Nyumba iko nyuma ya uzio na mshahara uko kwenye bahasha. Gari linapita mbele yako na kukuachia vumbi.

Kisha zikaja njaa za mafuta. Katika miaka hiyo ya uhaba ilikuwa marufuku kuendesha gari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali. Baba anakumbuka barabara ya Moshi ikiwa tupu Jumapili jioni, watoto wa Tengeru wakiigeuza uwanja wa mpira, na anapoisimulia huwa anacheka, jambo ambalo halifanyi akisimulia foleni za sukari. Mpaka wa Kenya nao ulifungwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na ukafunguliwa Novemba 1983 kwa makubaliano yaliyofikiwa, tena, hapa hapa Arusha. Namanga iko kilomita mia moja na kitu kutoka mjini. Kwa miaka sita spea iliyokuwa dukani Nairobi ilikuwa mbali zaidi ya hapo, na iliyofika ilifika usiku.

Nchi isiyoingiza magari inalazimika kuyafufua. Hapo ndipo walipokomaa watu ambao bila wao hakuna bebi woka hata moja ambalo lingedumu Meru: mafundi wa gereji bubu, wale wasio na bango, leseni wala ukuta. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha 2021, anawapa nafasi wanayostahili katika historia ya teknolojia ya Tanzania. Mimi nimewaona kwa baba mdogo, ambaye alijifunza kwa kaka wa rafiki yake kuchonga bushi kutoka kwenye tairi kuukuu. Tairi nazo wakati huo zilikuwa za hapa hapa, za kiwanda cha General Tyre, kilichoanza uzalishaji mapema miaka ya 1970 na kusimama 2009. Neno "bubu" nadhani linawaonea. Sijawahi kukutana na watu wanaoongea kama mafundi.

Mabadiliko yalikuja kwa namna ambayo hadi leo inanishangaza kwa kasi yake. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine, mtoto wa Monduli, aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na watu wenye bidhaa ambazo hawakuweza kuzieleza wakazitupa vichakani usiku. Aprili 1984 Sokoine akafa katika ajali ya gari Dakawa, Morogoro. Miezi michache baadaye bajeti ya 1984 ikaruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alikozipata. Kitu kilichokupeleka mahabusu mwaka jana, mwaka huu kikawa na fomu. Barabara kuu ya katikati ya mji wa Arusha inaitwa Sokoine, na siku hizi asilimia kubwa ya unachokiona humo kikiwa kimekwama kwenye foleni kiliingia kupitia mlango uliofunguliwa baada yake.

Vyombo vya kujilipa vilitangulia: pikapu, vibasi, vile ambavyo Arusha na Moshi viliitwa vifodi, jina ambalo wengi hulirudisha kwa Ford. Rais Mwinyi aliingia Novemba 1985, watu wakampa jina la Mzee Rukhsa. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti ya uongozi ya 1967. Katika miaka ya 1990 mtumba wa nguo na mtumba wa magari viliingia nyumba moja, na mwalimu mwenye biashara ndogo pembeni aliweza kuota Starlet bila kumwogopa mtu. Wakati Baba na Mama wanaoana, 1996, maharusi walibebwa na Starlet ya kuazima. Iko kwenye picha, maua kwenye boneti, na Bibi amesimama pembeni akiwa ameiwekea mkono juu kama mtu aliyeshika ndama asitoroke.

Kwa nini Japani? Jibu fupi ni upande wa barabara. Uingereza ilipopewa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilituachia kushoto. Japani haikutawaliwa na Waingereza, lakini ina desturi yake ya zamani ya kupita kushoto, na reli yake ya kwanza, ya 1872, ilijengwa kwa msaada wa wahandisi wa Kiingereza. Nchi mbili zisizojuana zikajikuta zinaweka usukani upande mmoja. Jibu refu ni sheria za huko. Gari la Japani lina ukaguzi wa lazima uitwao shaken: gari jipya hukaguliwa likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na pamoja na ukaguzi hulipiwa bima ya lazima na kodi ya uzito. Likifikisha miaka 13 kodi hiyo inapanda. Gari zima, linalowaka kwa funguo moja, linakuwa mzigo kwa mwenyewe kwa sababu ya karatasi, naye analipeleka mnadani. Sisi tuko upande wa pili wa mnada huo.

Ndiyo maana ndani ya uwanja wetu mdogo kuna magari yenye historia kubwa kuliko mwonekano wake. Vitz ilizinduliwa Januari 1999, umbo lake likiwa kazi ya Mgiriki, Sotiris Kovos, katika studio ya Toyota ya Ulaya. Huko ikiitwa Yaris ilichaguliwa gari la mwaka 2000. IST ilifuata 2002, imejengwa juu ya mifupa ya Vitz. Honda Fit, mwaka huo huo wa 2002, iliuzwa kuliko gari lolote Japani na kuivua Corolla taji ililolishika kwa zaidi ya miaka thelathini. Fit niliipenda kwa nafasi yake ya ndani. Baba mdogo akaniuliza kama najua ile ya 1.3 ina plagi nane badala ya nne, na kama namjua mtu wa Tengeru anayeielewa ile gia boksi yake isiyo na gia. Demio ikaondoka kwenye orodha kwa sababu ya bei ya spea. March nayo kwa sababu baba mdogo alikunja uso tu, na sikuona sababu ya kubishana na uso huo.

Zikabaki mbili, IST na Passo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kila gari lina umri mara tatu.

Umri wa kwanza ni wa kiwanda. Wa pili ni wa kodi. Kilomita mia na kitu kaskazini yetu, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu, ila inakutoza kwa uzee. Chukua gari ambalo TRA inalithamini kwa 100, ukiacha tozo ndogo ndogo. Ushuru wa forodha wa 25% unalifikisha 125. Likiwa halijafika miaka minane na injini haizidi sisi 1000, ushuru wa bidhaa ni sifuri, unaongeza VAT ya 18% na kuishia 147.5. Gari hilo hilo likiwa limepita miaka kumi linaongezewa ushuru wa bidhaa wa 30%, na hesabu inafika karibu 192. Injini ikivuka sisi 1000, ongeza 5% nyingine, unafika 199. Maana yake unanunua gari, halafu unalinunua tena Bandari ya Dar es Salaam. Lakini kwa kuwa gari la miaka kumi na tano Japani bei yake ni ndogo sana, kulinunua mara mbili bado ni rahisi kuliko kununua kijana mara moja na nusu. Adhabu ya uzee imeshindwa kumzuia mzee. Kilichofanikiwa ni ule mstari wa sisi 1000, ambao umeifanya injini ndogo kuwa gari la mtu wa kipato cha kawaida nchi nzima, Kigamboni na Meru sawasawa.

Umri wa tatu ni wa mtaa, ule wa namba, na nadharia yake nilielezwa Kijenge.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Umeleta picha tena?"

Nilikuwa nimeleta. Akazitazama, akanirudishia simu ikiwa na alama ya oili kwenye kioo. "Sikiliza mwanangu. Japani gari linalala. Barabara ni kioo, mwenye gari anabadilisha oili kabla haijachafuka. Linaanza kuzeeka likishuka Dar. Kwa hiyo mtaa unahesabu toka Dar."

"Na kilomita?"

"Kilomita zinaandikwa, kama unavyoandika wewe."

Hii ni hoja nzito kuliko inavyosikika. Ninapopewa waraka darasani, swali la kwanza ni aliyeuandika alikuwa na sababu gani ya kudanganya. Mita ya kilomita imepita kwa watu wengi wenye sababu. Rangi inapulizwa, injini inaoshwa, hata viti vinashonwa upya. Namba ndiyo kauli pekee iliyoandikwa na mtu asiyeuza gari. Mtaa umechagua chanzo kilicho huru, hata kama kinajibu swali jingine. Siidharau namba tangu hapo. Tatizo lake ni kwamba inalipa miaka ya kutokuwepo hapa kama vile haikuwa miaka, na mpira wa bushi unakauka Yokohama kama unavyokauka Usa River.

IST ilikuwa ya 2003, imesajiliwa 2017, namba D. Ukizijua sheria za Japani unaona kilichotokea: ilifika miaka 13, kodi ikapanda, mwenyewe akaiaga. Sisi 1298. Ilikuwa yadi, rangi ya fedha, bei milioni tisa na laki mbili, "maelewano yapo, njoo na fundi wako". Nilikwenda na fundi wangu. Baba mdogo hakuiwasha. Aliweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa ya moto, saa mbili asubuhi, na gari halijasogezwa. Injini inayopashwa moto kabla ya mgeni ina kitu haitaki kisikike ikiwa baridi. Akapitisha kidole kwenye maungio ya fenda, akaniita nione bolti zilizokwisha kushikwa na spana. Kisha tukaomba kadi. Jina lililokuwamo lilikuwa la mtu wa Mwanza. Aliyekuwa akituuzia alinunua kwa mtu wa Singida, na huyo wa Singida ndiye alinunua Mwanza. Hakuna aliyebadilisha umiliki. Mkataba wa Singida ulikuwepo, wa Mwanza haukuwepo. Kama kadi hiyo iliwahi kuwekwa rehani kwa wakopeshaji wa kausha damu, au kama kuna faini za barabarani zinaisubiri, anayejua yuko kandokando ya Ziwa Victoria.

Mama aliipenda hata hivyo, na sababu zake hazikuwa za kitoto. "Gari ni akiba," alisema. "Bibi yenu akilazwa, namba D naiuza ndani ya wiki. Namba C nitakaa nayo nikiiosha." Mtu aliyefundisha miaka thelathini na nne kwa mshahara wa serikali anajua tofauti kati ya kitu cha thamani na kitu kinachouzika.

Passo ilikuwa ya 2005, imesajiliwa 2013, namba C. Kwa hesabu ya kiwanda ni mdogo wa ile IST kwa miaka miwili. Kwa hesabu ya mtaa ni mkubwa wake kwa miaka minne. Mwenyewe alikuwa muuguzi wa Usa River aliyekuwa anahamia Dodoma kwa mwanawe, na ndiye aliyeiagiza. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye kadi, na alikuwa na faili la plastiki lenye risiti za oili tangu 2013, nyingine zimefifia hadi zimekuwa karatasi nyeupe tupu. Alitaka milioni sita na laki nane. Iliwaka baridi, ikatetemeka. Niliingiwa na wasiwasi, baba mdogo akasema hiyo ni silinda tatu, itatetemeka hadi siku ya mwisho na si ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa mbele: shokapu zimekwisha, bol jointi moja inalia. Alilala chini dakika ishirini, akatoka na orodha fupi.

Lakini ni sisi 996. Tulimwomba muuguzi tuijaribu mlimani, tukapanda watu wanne. Mji wa Arusha uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi inaipunguzia injini isiyo na tabo zaidi ya sehemu ya kumi ya nguvu zake kabla hujaweka hata abiria. Pale changarawe inapoanza Passo ilishuka hadi gia ya L na kubaki humo, ikinguruma kama cherehani iliyopewa turubai. Bodaboda yenye mikungu mitatu ya ndizi ikatupita. Nilifikiria ule mstari wa sisi 1000, uliochorwa mezani na watu ambao bila shaka walikuwa na nia njema, na jinsi unavyotufikisha hapa, kwenye kona ya tatu, Baba akiwa ameinamia mbele kana kwamba anasaidia kusukuma.

Ilipanda. Mshale wa joto haukusogea. Juu, Mama akashuka, akalizunguka gari mara moja, akamuuliza muuguzi maswali ambayo hakuna fundi angeyauliza: nani alikuwa akiliendesha, mume au yeye? Lililala nje au ndani? Kwenye gari alibeba nini cha mwisho? Mbolea, akajibu muuguzi, mifuko minne, Novemba. Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesahihisha daftari.

Fedha zilikuwa zake na uamuzi ukawa wake. Alisema namba D anaitaka, lakini hawezi kumpeleka mama mkwe Moshi kwa kadi ya mtu asiyemjua. Tulilipa milioni sita na nusu. Katika iliyobaki tukatoa shokapu, bol jointi, tairi mbili, bima, ada ya uhamisho na ushuru wa stempu, na baba mdogo akakataa kulipwa ufundi ila akachukua mkungu wa ndizi. Pia alitaka kuweka spesa ili gari linyanyuke lisiguse mawe. Mama akauliza kama Bibi ataweza kupanda likinyanyuka. Spesa hazikuwekwa.

Majirani waliuliza namba. Wawili walimpa Mama pole, kwa upole, kama watu wanaotoa pole ya ukweli.

Kliniki ya Bibi ni Jumanne mbili kwa mwezi. Kwenda ni rahisi, kote ni mteremko hadi Tengeru, halafu lami hadi Moshi. Anakaa mbele, mkono wake wa kulia ameuweka juu ya dashibodi. Kurudi, tukifika kwenye ile kona ya tatu, mdogo wangu na mimi tunashuka bila kuambiwa na kutembea nyuma ya gari hadi kwenye mti wa mwisho wa parachichi. Mvua ikiwa imenyesha tunasukuma kidogo. Bibi hageuki nyuma. Anashusha kioo na kutuambia tusiguse rangi kwa mikono michafu.